Nani Alikuambia Ufunge Barza Yangu?

Ile siku moya mi kaku yako naikumbuka muzuri, na weye Kalala utaisikia, hata uvimbishe mashavu. Ikala hapa ku barza, mwana yangu, mu kiti ya babu yako.

Nilikuwa bibi mupya, nimeolewa juzi tu. Babu yako alikuwa anatumika ku mine ya shaba, tunaikala mu kambi, na kila nyumba ilikuwa na barza mbele, inaangalia barabara. Pale njo tulikuwa tunachambua sombe, majani ya mihogo, pale njo tulikuwa tunasukana nywele. Muntu akipita, anasalimia, anasema jambo. Akikuta munakula, ananawa mikono, anakula na siye.

Ile ya kunawa mikono njo ilimushinda babu yako. Akanunua rido, pazia ya maua, akafunga barza yote. Akasema na ule mudomo yake ya kuchongoka, kama muzungu mwenye kunusa makayabo, ile samaki ya chumvi, eti siye bantu ba sivilize hatukulake mbele ya bantu. Basi, jambo ikakatika. Bantu banapita kimya, kama ku malalo ya bafu.

Mama yake, Mama Kapinga, akatoka Lubudi na treni, kikapo ya mihogo ku kichwa. Hakupiga hodi. Alipasula ile rido, akaifunga mu kiuno, akaikala chini. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya mwanaume.

"We mutoto, siku utaanguka humu, nani atakuona? Haya maua?"

Na alianguka kweli. Ile ile majira ya mvua, malaria ilimutupa chini pale ku barza, miye niko ku soko. Jirani mwenye kupita njo alimuona, akamubeba ku hopitali. Bila ule jirani, weye haungezaliwa.

Sasa weye unaniletea bashi, turubai ya bulu, unaifunga ku barza yangu. "Kaku, ni juu ya vumbi." Vumbi! Na ile kamba chini ya kitanda? Na barafiki yako benye taa ku kichwa, nabo banakuya kupanguza vumbi? Mi sikusoma, lakini macho niko nayo. Mu hii kartye, hii mutaa yetu, kila muntu anajua: mwenye kufunga barza na bashi, anachimba shaba ndani ya nyumba.

Umesahau Mulumba, mutoto ya Mama Ntumba? Alifunga hivi hivi. Siye tulipita pale asubuhi yote, tunasema jambo ku bashi. Bashi haijibuake. Na ye shimo yake ilikuwa imemuangukia, alikuwa chini ya udongo, anaita.

Bazee banasema mwenye kuchimba shimo anaingiamo ye mwenyewe. Bazee balipunguza maneno. Anaingiamo na bibi yake, na kile kitoto chake chenye kulala nyuma ya ukuta.

Bashi yako usiitafute. Nimeifungua, nimeanika mihogo juu yake, pale ku barabara. Bantu banauliza, mama, leo mihogo inalala ku bashi mupya? Ninajibu, Kalala njo aliniletea, mutoto muzuri sana.

Sikia, mwana yangu, na mwambie benzako. Kazi yenye kukuomba ufiche uso ku jirani, kesho itakuomba na mwili. Ukitaka shaba, enda pale bantu banakuona unaingia, na banangojea utoke.

Mungu akupe miguu ya kurudi. Uzeekee hapa ku barza, mvi ku kichwa, na kila mwenye kupita akuambie jambo, na weye ujibu.