Pole Ambayo Sikuitoa

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, tulipotoka Kindu watu watano kwenda kuimba kwenye vijiji vya njia ya Kibombo. Treni zilikuwa zimesimama, kwa hiyo gitaa na ngoma tulizifunga kwenye baiskeli, tukasukuma. Mwimbaji mkuu nilikuwa mimi, na nilijiona kweli kweli. Zaina, huyu unayemsikia redioni kila Jumapili, alikuwa mdogo wetu wa kuitikia tu.

Kijiji cha tatu tulikuta watu wamekaa chini, kimya. Mzee mmoja akatupokea, akasema, "Batoto yangu, leo hapa njo kilio. Mutoto wa huyu mama alikufa asubuhi, dawa hapana. Ngoma hapana."

Zaina akatua mzigo, akanigeukia mimi mkubwa wake. "Yaya, tukae na huyu mama kwanza."

"Miye siimbake kwa kilio," nikamjibu, na mama mwenyewe akisikia. "Twende kwenye bantu ya kucheza."

Nilikuwa na njaa na miguu imevimba, lakini usinitafutie udhuru. Ilikuwa jeuri tu.

Zaina alikaa mkekani na yule mama, akaimba polepole bila chombo, akilitaja jina la mtoto ndani ya wimbo. Mimi nilikaa barabarani nimenuna. Wachuuzi wa baiskeli waliopita walifikisha habari mbele yetu, na kila kijiji tulichoingia watu walimuuliza yeye: yuko wapi yule anayelia na watu? Kufika Kibombo, mimi ndiye niliyekuwa naitikia. Sikuvumilia, nikarudi Kindu peke yangu. Yeye akaitwa Kisangani, akaitwa Kinshasa, na leo hapa Alunguli, mtaa wetu huu wa Kindu, hakuna harusi wala msiba bila sauti yake.

Watu hudhani naulilia umaarufu ule. Kwa miaka niliulilia, sikatai. Lakini sasa uzeeni kinachonitesa ni uso wa yule mama. Vita vilipotulia nilirudi kumwomba radhi. Nilikuta nyumba zilizoungua na majani marefu. Mtu mmoja aliyekuwa amerudi kulima akaniambia mama yule alifia porini, wakikimbia, mwaka uleule.

Basi nakuambia wewe unayejifunza gitaa: ukifika kwa watu, uliza kwanza wamepatwa na nini, ndipo ufungue kinywa. Na pole ya leo, itoe leo. Mungu akupe sauti nzuri, mwanangu, na akunyime kiburi changu.