Moto Chini ya Mringaringa

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu. Nilikuwa kijana wa kujisifu, panga mkononi, nimesimama mbele ya kiwanja cha mama yangu hapa Karatu, kiwanja kilichomezwa na vichaka hadi nyumba haionekani kutoka njiani.

Nilikuwa nimerudi kutoka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu, nilikokaa miaka minne. Baba alifariki nikiwa huko. Mama alibaki peke yake, na mkono mmoja haushindani na miiba. Tena Jumamosi ile wazazi wa binti niliyemchumbia walikuwa waje kupaona kwetu. Nani akubali kumwoza binti yake porini? Basi nilikuwa na haraka, na haraka haraka, unajua mwenyewe, haina baraka.

Ukingoni mwa kiwanja, juu ya korongo, palikuwa na mringaringa mkubwa, mzee kuliko sisi sote. Karibu yake alizikwa dada yangu Paulina, aliyechukuliwa na surua kabla hajajua kutembea. Msalaba haukuwapo, na mawe ya kaburi yalikwisha kuzama ardhini. Mama alipajua kwa mti: aliupa mti mgongo, akatembea hatua tatu kuelekea jua linakochomoza, amefika. Kila Jumapili akitoka kanisani alisimama pale kidogo.

"Fyeka vyote," aliniambia asubuhi ile, "ila mti uniachie."

"Sitaugusa, mama."

Na kweli, panga langu halikuugusa. Nilifyeka siku mbili mfululizo, viganja vikatoka malengelenge. Kule Mang'ola tulizoea kukusanya miiba mahali pamoja na kuitia moto, kazi imekwisha. Nyumbani upande mmoja palikuwa na mahindi, upande wa pili nyumba yenyewe ya nyasi. Nikaona mahali pa salama ni chini ya mringaringa, ambapo ardhi ilikuwa tupu. Nikarundika vichaka, vibichi na vikavu, hadi rundo likanifika kifuani, limeegemea shina. Nikawasha.

Mzee Tluway, jirani yetu, alikuwa akipita na mbuzi wake. Akasimama.

"We kijana, unachoma mti?"

"Nachoma takataka, mzee. Mti mkubwa hivi utadhurikaje?"

"Mbuzi akiungua hukimbia. Huo utakimbilia wapi? Njoo tuvute hayo majani kando, nikusaidie."

Nikacheka, mwanangu. Nikamwambia asante mzee, kazi imeshaisha. Alinitazama, akaswaga mbuzi wake akaenda zake.

Wakwe walikuja, wakakisifu kiwanja, nikapewa mke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu lilibaki zima. Aliyeumia ni mama.

Ganda la mti lilikuwa limeungua kulizunguka shina lote. Masika iliyofuata ulichanua upande mmoja tu. Mwaka wa pili haukutoa hata jani. Siku moja nikamkuta mama akilipapasa ganda, likimbandukia mkononi.

"Umezeeka tu, mama," nikamwambia.

Nilimdanganya mama yangu mzazi, na yeye akijua. Alijipangusa mkono kwenye kanga, akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Mwaka wa tatu, mvua kubwa zikinyesha, mti uling'oka na mizizi yake ukaangukia korongoni. Ukingo mzima ukaporomoka pamoja nao. Mvua ilipokatika mama alitoka na fimbo yake. Alitembea hatua tatu, akarudi, akatembea tena kutoka mahali pengine. Mwishowe akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyepotea mjini, "Mti ulikuwa wapi?" Nikamwonyesha, kisha nikaona kwamba mimi pia sijui. Maji yakishamwagika hayazoleki. Tangu hapo alikuwa akitoka kanisani anapitiliza ndani moja kwa moja.

Alipokuwa anakata roho aliomba jambo moja tu, alazwe karibu na Paulina. Wachimba kaburi wakaniuliza, "Tuchimbe wapi?" Mimi ndiye mwana wa kiume, mimi ndiye wa kuonyesha. Nikanyoosha kidole. Mwanangu, nilibahatisha. Mpaka leo sijui kama nimemlaza mama yangu na mwanawe, au nimemlaza peke yake.

Nimesikia na wewe umepata kiwanja, na kimesongwa na vichaka. Kifyeke, usiogope kazi. Lakini kabla hujashika panga, tembea humo na mtu mzima anayepajua, akuambie kila mti mkubwa unashikilia nini. Karibu na shina fanya kazi kwa mkono, taratibu. Vichaka ulivyokata viburute mbali, peupe, hata kama mgongo utakuuma na wageni wako njiani. Moto usiukaribishe kwenye mizizi. Kuacha kuukata mti bado si kuutunza, na hilo mimi nilijifunza nimeshachelewa. Na mzee akisimama njiani kukukanya, zima moto kwanza, halafu ndipo ubishane naye.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe nyumba yenye kivuli na watoto wa kucheza humo. Na siku wanao watakapokuuliza watu wako wamelala wapi, akujalie uwaonyeshe bila kubahatisha.