Kumpeleka Mbwa wa Athman Kaskazini

Sababu ya safari hii ni mbwa. Najua ninyi mlioko Mombasa mtashangaa kusikia kwamba mzee aliyewasomesha watoto wenu Kurani amezunguka Marekani na mbwa katikati ya baridi. Basi nieleze kwanza.

Mwezi wa kumi na moja mwanangu Athman alirudi kutoka kazini hospitali na mtoto wa mbwa ndani ya koti lake. Nilimwambia mbwa na msala havikai nyumba moja. Akanijibu, "Sawa, Baba," akamtengenezea mahali kwenye gereji. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu ya mwisho. Wiki tatu baadaye alianguka akiwa zamu, moyo ukasimama. Tulimzika ardhi ikiwa imeganda, kaburi likachimbwa kwa mashine. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Mama Athman hakulia mbele za watu. Alinyamaza tu. Nikimuuliza neno hunijibu kwa kichwa. Lakini nilipokuwa nikipita karibu na mlango wa gereji nilimsikia akizungumza na yule mbwa, sauti ya chini, mfululizo, kama mtu anayesimulia. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kutoa ahadi ya kumtoa mbwa. Wanjiru, nesi aliyefanya kazi na Athman, alikuwa na mama mkwe mwenye shamba la kondoo karibu na lile ziwa kubwa la kaskazini, naye alikubali kumchukua. Nilishika ahadi yangu, huku nikiogopa kwamba nikimwondoa mbwa, nitaondoa na maneno ya mwisho ya mke wangu.

Jumatano, saa nne asubuhi, tuliondoka nyumbani Maple Grove kwa gari la Athman, lile kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani, ambalo hapa huitwa arivii. Alilinunua kuukuu ili atupeleke kuona ziwa kiangazi kikifika. Wakati wa baridi mabomba yake hayatiwi maji, yatapasuka, kwa hiyo tulibeba maji ya kunywa na ya udhu katika madumu. Chini ya kiti cha nyuma nilikuta buti za Athman zimejaa udongo mkavu. Alizivaa mara ya mwisho alipolima bustani ya sukuma wiki ya mamake, kabla ya theluji. Nilitaka kuzipiga ukutani udongo utoke. Mama Athman akazichukua mkononi mwangu, akazirudisha chini ya kiti.

Saa tano tulisimama Roseville kwa Wanjiru. Alitoka nje na ndala na soksi, chapati zimefungwa kwenye foili.

"Mzee, kweli uta-drive hii kitu na hii snow?"

"Nimeendesha basi la uwanja wa ndege miaka saba, mwanangu. Abiria walikuwa wabaya kuliko theluji."

Alicheka, kisha akamwona Mama Athman dirishani, mbwa mapajani kwenye blanketi, akaacha kucheka. "Mama, jikaze," alisema. Mke wangu alipokea chapati, akaitikia kwa kichwa.

Kuanzia saa saba theluji ilianguka kwa upande. Barabara na mbingu vikawa rangi moja. Magari ya kukwangua theluji yalitutangulia, na mbele yao sikuona kitu. Saa tisa polisi walifunga njia, wakatuelekeza kwenye kituo cha malori. Tukaswali, tukala chapati, tukalala mapema na makoti yetu. Mbwa alilia kidogo, akanyamaza.

Asubuhi, baada ya sala, nilikuwa nikikunja msala nikasikia ulimi ukilamba chuma. Nikageuka. Mbwa alikuwa anakunywa uji katika bakuli la Athman, lile la bati lenye maua mekundu tulilotoka nalo Mombasa, alilolia uji tangu hajaota meno.

"Mama Athman! Umempa wewe?"

"Ana njaa," alisema. Sauti ilikuwa kavu kwa kukaa bila kusema nami. "Na bakuli halina mwenyewe."

Nilikimbilia nilichokijua. Watoto wenu walisoma kwangu, mnakumbuka: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilichukua spana ya magurudumu nikatoka kutafuta udongo. Theluji ilinifika magotini. Niliifukua nikakuta barafu, nikapiga barafu nikakuta lami. Nilisogea hadi penye miti nikapiga tena, spana ikarudi kama nimepiga jiwe. Dereva mmoja wa lori, mzungu mwenye ndevu, alishusha kioo.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Natafuta udongo. Kidogo tu."

"Utaupata Aprili," akasema, akapandisha kioo.

Nilirudi vidole vikiwa havina hisia. Mama Athman alikuwa amekaa, buti moja ya Athman mkononi, gazeti limetandazwa mezani.

"Hukupata."

"Sikupata."

"Huu ni wa bustani yangu. Ni safi." Akaigonga buti kwenye ukingo wa meza mpaka udongo ukamwagika gazetini, na ndani yake kipande cha mzizi wa sukuma. Nilitaka kumwambia asifanye, kwamba bakuli linaweza kungoja tufike nyumbani. Aliumimina udongo wote ndani ya bakuli, nami nikatia maji kutoka dumuni nikasugua. Yeye ndiye aliyehesabu. "Moja. Mbili. Tatu." Alihesabu kwa sauti hadi saba, na tulipomaliza maji ya udongo wa mwanangu yalikuwa kwenye ndoo ya taka, na bakuli linang'aa.

Saa nne njia ilifunguliwa. Nikiwa nashika usukani nilianza kuzungumza peke yangu. Nilisema dini imeruhusu mbwa wa ulinzi na wa mifugo. Nilisema gereji ina mlango wake, haipitiwi kwenda penye msala. Nilisema wako masheikh wasioona mate ya mbwa kama sisi tunavyoyaona.

Adhuhuri tulifika. Shamba liko juu ya kilima, na chini yake ziwa, la kijivu, halina ng'ambo. Bi Ingrid, mama mkwe wa Wanjiru, alitupokea kwa chai iliyopoa. Aliuliza jina la mbwa. Nilimwambia hatukumpa jina.

"Anaitwa Kahawa," alisema Mama Athman. "Athman alimpa."

Sikuwa najua. Sikuwahi kuingia gereji ile.

Nilimvuta mke wangu pembeni. "Ukitaka turudi naye, turudi naye. Nitamjengea kibanda."

Alinitazama bila hasira, kama mtu anayekwambia maji ni ya baridi. "Maneno hayo ungalimwambia mwanao, Baba Athman."

Kisha akamkabidhi Bi Ingrid mbwa, na blanketi, na lile bakuli juu yake.

"Bakuli pia?" niliuliza.

"Amelizoea."

Tulirudi siku ileile. Njia ilikuwa nyeupe na tupu, na kiti cha nyuma kimya. Niliomba istighfari kilomita baada ya kilomita. Nimesoma miaka arobaini, na mlango wa twahara vitabuni naujua kwa moyo. Lakini kijana alipoingia na furaha yake ndani ya koti, nilimtolea hukumu kabla sijamwuliza jina la alichokibeba. Hilo halikuhitaji kitabu. Ninyi mlio na watoto hai, waulizeni.

Tulipokaribia mjini, taa za barabara zikiwaka, Mama Athman alisema kitu. Nilipunguza mwendo nimsikie.

"Buti ya pili bado ina udongo. Usiiguse mpaka nipande sukuma."

Ziko mlangoni sasa, moja safi, moja chafu. Kila alfajiri nazipita kwenda msikitini. Nje bado ni barafu. Sijaigusa.