Maiti Haitui Njiani

Saturnini alivuka Ruvuma akiwa mgongoni mwa mama yake, akajifunza spana Nachingwea, akazeekea Nandagala, kando ya barabara, akifufua malori ambayo wenyewe walishayakatia tamaa. Malori mengine aliyasimulia kwa kicheko. Moja alilisimulia kwa sauti ya chini.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na tisa. Adhuhuri upepo umekata, hata jani la mkorosho halitikisiki. Akaona lori kuukuu linajikokota kutoka Ruangwa, limejaa watu. Likasimama mbele ya kibanda chake. Dereva, Amri, akateremka, akamvuta pembeni.

"Fundi, tumebeba maiti. Asmaa, mke wa Nuhu. Tunampeleka kwao Ruponda, azikwe leo hii. Sasa, tangu tutoke mjini, anaimba."

"Nani anaimba?"

"Ndilo hilo nakwambia! Sauti inatoka chini ya jeneza. Mmm, mmm, mmm. Tena ananuka. Tena anadondosha."

Saturnini akatazama njia. Kweli, lori lilikopita kulikuwa na matone meusi, mchanga umeyanywa. Na harufu ilikuwapo, nzito, kama ya yai viza. Juu ya lori wanawake walikuwa wamejiziba pua kwa kanga. Nuhu alikaa peke yake kichwani mwa jeneza; wengine wote wamejibana upande wa pili, wakimtazama kwa pembe ya jicho. Saturnini aliyajua mawazo yao. Maiti anayekataa safari ana jambo: ama marehemu alikuwa mchawi, ama ameuliwa na mtu wa karibu. Neno hilo likitangulia Ruponda, Nuhu hatakuwa na ukwe tena, na jina la Asmaa litaoza kabla ya mwili wake.

"Mshusheni kwanza, niinue lori," alisema.

"Haitui!" Bi Mwamina, shangazi wa marehemu, akafoka kutoka juu. "Maiti ikishapakiwa kwenda kwao haitui njiani. Ikitua inaita mwenzake. Wewe Mmakonde, mtani wangu, unataka imwite nani?"

"Ikiniita mimi, bibi, mtalisukuma lori mpaka Ruponda."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga.

Wakashuka watu wazima kwa watoto. Juu wakabaki Nuhu, Bi Mwamina na marehemu. Saturnini akamuuliza Amri, "Kanyagio la breki linazama?"

"Halizami."

"Basi si mafuta ya breki haya."

Akazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akapiga jeki nyuma kushoto, kulikodondoka matone. Akalishika tairi juu na chini, akalitikisa: likacheza kama jino bovu. Akachukua kijiti kikavu, ncha moja akaiweka kwenye kikombe cha gurudumu, ya pili sikioni, akalizungusha tairi.

Mmm, mmm, mmm.

Beringi, akajiambia. Akalishika tairi likasimama. Sauti ikaendelea kidogo, ndipo ikakoma.

"Bi Mwamina, ni wewe?"

"Mimi? Mdomo wangu nimeufunga."

Nywele zikamsimama. Lakini mtani ana ruhusa ya kusema na maiti, akasema: "Asmaa, mama, mimi mtani wako. Kama una neno, kawaambie wa Ruponda. Hapa niachie gurudumu tu."

Akafungua bolti, akauchomoa mtaimbo wa ekseli, chuma kinachozungusha gurudumu. Mafuta meusi yakammwagikia mpaka viwikoni. Nati ya ndani, ambayo hufunguliwa kwa nyundo, ikazunguka kwa vidole. Ilikuwa imelegea, beringi ikayumba, ikaungua hadi kuwa ya bluu, na sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, ikalika mdomo. Sili mpya Nandagala nzima hakuna. Akaitoa ile springi nyembamba iliyo tumboni mwa sili, akaikata kidogo, akaiunga, ili ibane zaidi. Beringi akaiosha kwa mafuta ya taa, akaishindilia grisi. Nati akaikaza mpaka tairi likaacha kucheza lakini likazunguka bila kulalamika. Breki zilizolowa akazifuta kwa petroli.

Kisha akamwita Nuhu, akamnyooshea kiganja. "Nusa. Mafuta ya difu, ya gia za nyuma, yakiungua ndiyo harufu yake."

Nuhu akanusa. Akachota mafuta yale kwa vidole vyake, akawafuata wale waliomkwepa, mmoja mmoja, mkono umenyooka. "Nuseni. Nuseni wote. Mke wangu hanuki."

Wakanusa. Waliporudi juu, wakakaa karibu na jeneza.

Saturnini alikwenda nao, kulichunga gurudumu. Ruponda walifika jua limeshainama, Amri ameshapanga maneno ya kuomba radhi. Mzee Twalha, mchimba kaburi, akawajia mbio, udongo mpaka kwenye kope.

"Mlijuaje kuchelewa?" akauliza.

Akawaonyesha lundo la udongo nyuma yake.

"Kaburi la kwanza lilikuwa tayari tangu asubuhi. Saa nane mchana ukuta ukaanguka wote, hata jembe letu liko chini. Mngewahi, mume na mashemeji wangekuwa mle shimoni, wanampokea. Hili la pili tumelimaliza sasa hivi."

Wote wakamgeukia Saturnini. Habari ya nati akaiacha, akashika ncha ya jeneza.

Nuhu alivua viatu, akashuka kaburini, akafungua mikono.

"Mleteni," akasema.