Mizigo ya Kwenda Kulazwa

Juzi nilikuwa nafungasha vitu vya mwanangu aliyetakiwa kulazwa, nikasikia harufu ya usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, kutoka jikoni kwa jirani. Nikakumbuka utoto wangu kijijini Lipingo, alasiri ile mguu wangu ulipokuwa umevimba na baba akasema kesho tunapanda gari kwenda hospitali.

Mama alikuwa uani akifunga mizigo: mkeka, sufuria, unga wa muhogo, usipa. Shangazi akaongeza kuni. Mizigo ile niliijua vizuri. Ndiyo waliyobeba wakubwa kila walipokwenda kulala msibani.

"Mama, kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Hospitali hawatupikii, tutajipikia wenyewe."

Sikumwamini. Mgonjwa pale nyumbani nilikuwa mimi peke yangu, basi nikajua msiba ni wangu. Sikulia, nilitazama tu kamba ikikazwa.

Mama akaniangalia, kisha akaifungua tena ile kamba. Akaleta sare yangu ya shule, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya vyote.

"Hii utaivaa siku ya kurudi."

Nikatulia. Niliamini kabisa kwamba sare ile ilikuwa ya kunituliza mimi.

Juzi mwanangu hakuwa ameniuliza kitu, alikuwa anacheza. Sare yake niliiweka juu ya vyote hata hivyo.