Uzio wa Minyaa Pale Kijitoni

Sikusoma sana, lakini najua nani aliumaliza ule msitu, na siwezi kuendelea kusikia eti ni sisi wakimbizi.

Tulipokimbia Burundi, mama mmoja alinipokea mimi na mwanangu kijijini kwake, milimani juu ya ziwa, kaskazini ya Kigoma. Kibali cha kukaa nje ya kambi sikuwa nacho. Ukaja mradi wa wanyama unatafuta vibarua wa kupanda mikuyu kando ya kijito, ili sokwe wapite toka msitu huu kwenda ule bila kukatiza mashamba ya watu. Nikachukua kazi.

Wiki ya kwanza tu mbuzi wakaanza kutafuna miche. Nikafanya tulivyozoea kwetu: nikakata vijiti vya minyaa, nikavichomeka kuizunguka sehemu yote. Kosa langu ndilo hilo. Hata kwetu minyaa ni mpaka wa mtu, ila mimi siku ile niliwaza mbuzi tu.

Asubuhi yake watu wakajaa pale.

"Mnaona? Ameshaweka mpaka! Kesho hifadhi inaingia kwenye mihogo yetu!"

"Jamani, ni kwa ajili ya mbuzi."

"Mbuzi gani, wewe Mrundi? Nani kakutuma utuuze?"

Mama mwenyeji wangu, huyohuyo aliyekuwa akinilisha, akadakia: "Sokwe unampandia matunda. Mwanao umempandia nini?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Mpango wa miche ulisomwa ofisini kwake, akaupiga mhuri kwa mkono wake. Nikamwambia, "Mzee, waeleze basi."

Akasema, "Ng'oeni." Kisha akanigeukia: "Na wasio na vibali tunawajua."

Wakang'oa mche mmoja mmoja. Minyaa waliiacha, maana utomvu wake ukiingia jichoni utajuta.

Mvua zilipoanza, mwenyekiti akalima mahindi ndani ya uzio wangu. Watu walewale waliolia kunyang'anywa ardhi hawakusema hata neno. Mahindi yalipokomaa akashuka sokwe jike, mtoto mgongoni, kwa njia yake ya siku zote. Wakampiga kwa mawe na mapanga. Alikufa amemkumbatia mtoto, na mtoto naye hakufika jioni. Mama mwenyeji akasema afadhali, wezi wamepungua.

Bwana misitu alikuja na daftari lake.

"Msitu wa hapa kaumaliza nani?"

"Wakimbizi, bwana," mwenyekiti akajibu. "Kuni, mkaa, ndiyo kazi yao."

Akaandika bila hata kuinua macho. Mkaa wa mwenyekiti ulikuwa umepangwa kwa magunia nyuma ya ofisi, palepale bwana misitu alipoegesha pikipiki yake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nimembeba mwanangu.

Tulipoteremka kijitoni, bwana misitu akagusa minyaa kwa kalamu. "Angalau huu uzio mzuri. Kapanda nani?"

"Mimi," akasema mwenyekiti.