Chupa Chini ya Kitanda

Kama kuna mtu aliyedhani anaijua hewa nje ndani, ni Fundi Pancha. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiziba matairi katika karakana yake ya mabati kando ya kituo cha mafuta, hatua sita kwa nne, kompresa mlangoni na beseni la maji katikati. Viganja vyake vilikuwa na weusi usiotoka hata kwa sabuni ya unga, na mkewe alikwishakata tamaa ya kununua mashuka meupe. Hewa yeye hakuiita hewa, aliiita upepo. Gari limeishiwa upepo, baiskeli inapoteza upepo. Mteja akilalamika kwamba gurudumu lake linalainika kila asubuhi, fundi alilowesha kidole kwa mate, akapaka mdomo wa valvu, akasubiri. Mate yakivimba, mwizi amekamatwa.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Tyubu unaijaza, unaizamisha ndani ya beseni, unaizungusha polepole. Penye mapovu ndipo penye tundu. Unakwangua kwa msasa, unapaka gundi, unabandika kiraka, unazamisha tena. Maji yakitulia unasema neno moja, "Imeshika," na mteja anakwenda zake. Neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe, na mkewe hakuacha kumkumbusha.

Mungu aliwapa binti mmoja tu. Alikuwa mrefu mpaka nyumbani wakamwita Mlingoti, mwembamba wa kupepesuka, na riziki yake ilikuwa kushona mapazia na kuyatundika bila kupanda ngazi. Kicheko chake kilimtangulia. Ukikisikia, una muda wa kuandaa kiti kabla mwenyewe hajaingia.

Jumatatu moja, akiwa ameinua mikono kutundika pazia la ofisi, kitu kilimchoma ubavu wa kulia na pumzi ikakatika nusu. Ilipofika adhuhuri alikuwa amelazwa. Picha ya kifua ilionyesha pafu la kulia limenywea. Daktari alisema tundu dogo limetokea juu ya pafu, jambo ambalo huwapata watu warefu wembamba bila kosa la mtu. Walimpitisha mrija kati ya mbavu, ncha ya pili wakaizamisha katika chupa yenye maji, wakaiweka chupa sakafuni chini ya kitanda. Wangesubiri siku tano. Tundu likijiziba, angerudi nyumbani. Likikataa, wangempasua kifua.

Fundi alifika saa ya kuona wagonjwa akiwa bado na ovaroli. Alimshika binti yake mkono, akamuuliza anajisikiaje, akajibiwa kwa kutikiswa kichwa, kisha macho yake yakashuka kwenye chupa. Kila Mlingoti alipotoa pumzi, mapovu mawili matatu yalipanda majini yakapasuka.

Kitu chochote kinachotoa mapovu majini kinavuja, na kinachovuja kitaisha. Upepo wa mwanawe ulikuwa unatoka mbele ya macho ya watu wazima waliosoma, nao wanapita na karatasi zao kama vile hawaoni! Hakumwita mtu. Mikono ilitenda kabla ya akili, aliukunja ule mrija mara mbili na kuubana, kama alivyoubana mpira wa kompresa siku zote. Mapovu yakakoma. Fundi akashusha pumzi, na nisimfichie, akajisifu kidogo moyoni.

Haikufika dakika. Mlingoti alitaka kusema jambo, likatoka nusu. Mabega yakaanza kupanda na kushuka, vidole vikatafuta ukingo wa kitanda. Kabla baba hajaelewa, mkono wa muuguzi ulikuwa juu ya wake.

"Baba, achia huo mrija. Sasa hivi."

Aliachia. Chupa ikagugumia kwa kishindo, mapovu makubwa yakapanda mfululizo, na taratibu mabega ya binti yakatulia. Fundi aliketi kwenye kiti cha plastiki. Nusura amuue mwanawe kwa ufundi wake mwenyewe.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na kwa bahati njema hakuwa wa kukaripia. Alihakikisha kwanza mgonjwa yuko salama, ndipo akauliza kwa nini amefanya vile. Fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba aliona upepo wa mtoto unatoka.

"Huo si upepo wake," alisema muuguzi. "Huo umepotea njia. Umetokea kwenye tundu, ukakaa nje ya pafu, ndani ya kifua, na huko ndiko unakolibana. Tunauonyesha mlango wa kutokea."

Alimweleza kwamba maji ya chupa ndiyo mlango wenyewe. Hewa ikisukumwa inapita, ila haiwezi kurudi, kwa sababu ikivutwa inakutana na maji. Fundi alinyanyua kichwa. Hilo alilielewa. "Kumbe ni valvu," akasema. Muuguzi akakubali kwamba ni valvu.

Basi hapo ndipo fundi alipoanza kuuliza, na akishaanza hazibiki. Aliuliza pafu linajazwaje, nani anasukuma, kompresa iko wapi. Muuguzi akamwambia hakuna anayesukuma. Akamwagiza aweke kiganja kimoja mbavuni na kingine tumboni, avute pumzi. Fundi akavuta. Mbavu zikainuka, tumbo likasonga mbele. Kumbe chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana uliotanda kama sakafu. Ukikaza, sakafu inashuka na mbavu zinapanuka, chumba kinakuwa kikubwa, na hewa inaingia yenyewe kujaza nafasi. Pafu limeshikamana na ukuta wa kifua kwa unyevu kidogo tu, kama vioo viwili vilivyolowana, vinateleza lakini havibanduki. Kifua kikipanuka, pafu linakifuata. Tundu lilipoingiza hewa katikati, vioo vikaachana, na pafu likanywea kwa mvutano wake lenyewe.

Fundi alikaa na viganja vyake mwilini kama mtu aliyepotelewa na pochi. Maisha yake yote alikuwa akilazimisha upepo uingie kwa nguvu ya mota, na ndani ya kifua chake, tangu azaliwe, upepo ulikuwa unakaribishwa tu, nao unaingia. Usingizini unaingia, hata akigombana na mkewe unaingia. Mara kama elfu ishirini kwa siku, muuguzi alisema, na yeye hajawahi kuagiza hata moja.

Siku ya pili na ya tatu alirudi na maswali mapya, mpaka wauguzi wengine wakaanza kumwita mwanafunzi. Aliambiwa apapase koo lake, akakuta pete ngumu zimepangana, akacheka peke yake. Mpira wa kufyonzea maji pale kituoni nao ulikuwa na waya wa mzunguko ndani ili usibonyee. Aliambiwa kwamba bomba hilo hugawanyika mara mbili, kisha tena na tena, njia zikizidi kuwa nyembamba, hadi kwenye vifuko vidogo visivyoonekana kwa jicho, mamilioni kwa mamilioni. Kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba damu inapita upande mmoja na hewa upande wa pili, vinabadilishana mizigo bila kugusana. Ukivikunjua vyote ukavitandaza, vingefunika karakana tatu kama yake.

"Ndani ya huyu?" fundi aliuliza akimtazama binti yake, ambaye ubavu wake ungeweza kufunikwa kwa sahani ya chai.

"Ndani ya huyo, na ndani yako," muuguzi alisema.

Jioni ya siku ya tatu alimsimulia mkewe jikoni, na mkewe, ambaye alikuwa akilia kwa siri tangu Jumatatu, akaweka mwiko chini, akavuta pumzi moja ndefu ili aone. Walisimama pale wote wawili, watu wazima, wakivuta na kutoa. Fundi aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa, hofu yenye heshima ndani yake.

Swali moja lilibaki. Siku ya nne mapovu yalikuwa yamepungua, yakitokea tu Mlingoti anapokohoa, na fundi akauliza ni nani anayebandika kiraka. Muuguzi akasema hakuna, mwili wenyewe unaziba. Kwa gundi gani? Kwa damu na kazi yake yenyewe, akajibiwa, sisi tunalinda mlango tu.

Siku ya tano, asubuhi, daktari wa upasuaji alifika. Mke wa fundi alisimama ukutani, mkono mdomoni. Muuguzi akamgeukia fundi, akasema, "Haya fundi, hii kazi yako. Tazama."

Fundi alipiga magoti sakafuni mbele ya chupa kama alivyopiga mbele ya beseni kwa miaka thelathini na mmoja. Daktari akamwambia mgonjwa akohoe. Maji kimya. Akohoe tena kwa nguvu. Kimya. Ndani ya mrija, maji yalipanda kidogo, yakashuka, yakapanda, yakifuata pumzi zake.

Mlingoti akachungulia ukingo wa kitanda. Alimwona baba yake matako juu, shavu karibu na sakafu, jicho moja limefumbwa. Kicheko ambacho maumivu yalimnyima tangu Jumatatu kikamtoka chote. Maji yakaruka mrijani, yakashuka, yakaruka tena, wodi nzima ikageuka, na katika chupa halikupanda hata povu moja.

"Baba," akasema akishika ubavu, "imeshika?"

Fundi alifungua mdomo kutamka neno lake la kila siku. Pumzi iliingia, ikajaa, ikakwama. Akaitikia kwa kichwa tu.